Safari ya Kusini Isiyopita Tafila

Ijumaa, 1 Machi

Haitham amepata wazo. Mungu atunusuru.

Katikati ya chakula kagonga glasi kwa kijiko kama waziri, akatangaza: Aprili, majira ya kuchipua, ukoo mzima tunakwenda kusini kwa magari! Makorongo! Jangwa! Kulala kwenye mahema Wadi Rum, kutazama nyota! Kaka yangu huyu huyu, ambaye juzi alimpandisha bawabu ngazi zote za jengo aje kumfukuzia mjusi bafuni.

Ami Abu Rakan naye hakutaka kupitwa. Anakula kwetu kila Ijumaa tangu Baba afariki. Mwenyewe anaita kuwatazama wafiwa. Nionavyo mimi anatazama sinia. Kafuta mdomo, akasema wazo ni zuri na yeye ndiye atakayeongoza msafara. Nani kamwomba? Hakuna. Yeye haombwi, hujipa.

Mimi nilikuwa natafuna figili, nimenyamaza, nawadharau wote wawili kwa zamu. Kisha nikakumbuka njia. Kutoka hapa Amman kwenda Rum kuna barabara mbili za kutajwa. Ya jangwani, imenyooka, malori tupu na vumbi. Na ile ya zamani: Madaba, unashuka korongo la Mujib mpaka masikio yanaziba, unapanda Karak, halafu — Tafila. Tafila! Nikaweka figili chini. Nikasema, wazo zuri sana, kaka. Haitham nusura apaliwe na wali. Neno hilo hajawahi kulisikia kinywani mwangu.

Mama aliniangalia mara moja tu, akaendelea kugawa mtindi.

Jumapili, 3 Machi

Kuna kundi kwenye simu sasa. Haitham kalipa jina Simba wa Jangwani. Simba! Simba ambao hawalali bila hita.

Mkewe Lubna kauliza kama huko jangwani kuna vumbi. Wallahi ndivyo alivyouliza. Rakan, mtoto wa ami, kaandika "nyama nani analeta" na tangu hapo hajaongeza neno. Ami anatuma sauti ndefu ndefu, anakohoa mwanzo, anakohoa mwisho, na katikati hakuna kitu. Debe tupu, basi angalau lisingekuwa na kikohozi.

Mama hayumo kundini. Hakuna aliyekumbuka kumtia.

Jumatano, 6 Machi

Tahani kapiga simu leo. Wacha niliandike jambo hili lote, maana linanikaa kooni.

Tahani ni dada yangu, kaolewa Tafila. Ami alikwisha kumpanga awe mke wa Rakan, maana binti wa ami ni haki ya mtoto wa ami, ati. Tahani akasema hapana. Alimtaka Mutasim, fundi umeme wa kiwanda cha saruji kule kusini, na Baba, Mungu amrehemu, akakubali. Ami akajiona kavuliwa nguo sokoni. Akaapa mbele za watu: atakayekanyaga kizingiti cha nyumba ile asikanyage cha kwake, na siku ya mazishi yake asionekane. Baba akiwa mahututi akamshika Mama mkono, akamwomba asije akavunja undugu wake na Ami. Mama akakubali. Ungetegemea nini? Baba akafa, kiapo kikabaki, na kila Ijumaa kinakula kwetu.

Yaman, mtoto wa Tahani, anamjua bibi yake kwenye kioo cha simu tu. Anakibusu kioo. Na sasa Tahani ana mimba nyingine, inaiva mwisho wa mwezi huu. Kwetu binti akijifungua, mama yake ndiye wa kumkandakanda na kumlisha mpaka arobaini itoke. Ya kwanza alikandwa na mama mkwe. Leo kauliza kwa kucheka, eti safari hii Mama atakuja? Cheko lenyewe halikuwa cheko.

Mama kasema inshallah. Baadaye nikafungua kabati kutafuta chumvi, nikakuta nyuma ya sufuria kubwa mfuko umefungwa kwa kamba: unga wa mchele, mdalasini, kisibiti kimeshasagwa. Vitu vya uji wa mzazi! Mwanamke anaficha kisibiti ndani ya nyumba yake mwenyewe!

Nikamwambia, Mama, panda gari kesho, naendesha mimi, jioni tumerudi, hakuna atakayejua. Akanitazama kama nimetukana.

"Siendi kwa mwanangu kama mwizi, Rudaina. Nikienda, nitaingia kwa mlango na watu wanaona."

Sawa. Subiri basi mlango ufunguke wenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Haitham kanunua hema. Hema la kisasa, hujifungua lenyewe. Ukilirusha juu, linatua nyumba! Akalirusha sebuleni ili tuone. Kweli lilijifungua. Likaangusha taa, likajaza chumba chote kutoka kochi mpaka televisheni.

Kulikunja ndiyo hajui. Kapinda huku, kapinda kule, kalikalia, limemrusha. Lubna anamsomea maelekezo kwa sauti na yeye anamfokea kwamba hajui kusoma. Nimecheka mpaka nikashika ubavu, na nitamkumbusha mpaka kaburini.

Jumatatu, 11 Machi

Hema bado liko sebuleni. Jana Ami kapita kusalimia, kaingia ndani yake, kakaa, kaagiza chai ya majani ya mramia. Kaletewa.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya njia. Siku ya ghadhabu yangu.

Nilijiandaa vizuri. Nikawaambia tupite barabara ya zamani. Maua meusi ya irisi yamefunguka huko Madaba, Aprili ikiisha hayapo tena. Mujib ni kijani kwa wiki chache tu za mwaka. Tunalala Karak, tunaona ngome, kesho yake tunateremka pole pole mpaka Dana, watoto wanapata kuona korongo la kweli. Tafila sikuitaja. Iko njiani, itajitaja yenyewe.

Ami akaniacha nimalize. Huwa ananiacha nimalize, halafu anajibu kana kwamba aliyekuwa anasema ni redio. Akasema msafara utapita barabara ya jangwani. Mujib ina kona, watu watatapika. Majira haya mvua ikinyesha mbali, mafuriko yanateremka korongoni bila hodi. Na barabara za upande ule, akasema akiangalia mtindi wake, zina watu wasiojua thamani ya ukoo.

Nikamwangalia Haitham. Sema kitu, mwanaume! Haitham akatazama simu yake, akasema kweli ile ya jangwani ni fupi. Mwoga wa kutupwa! Wiki jana Tahani kaweka mtandaoni picha ya Yaman kavaa kofia ya baba yake, Haitham akaibonyezea moyo. Saa ile ile akakumbuka Ami naye huona, akauondoa ule moyo. Mtu anayeogopa moyo wa kwenye simu ndiye atatulaza jangwani na fisi.

Ami alipoona ameshinda, akafungua mdomo kwa hadithi zake. Ile ile ya kila mara. Jinsi anavyotafutwa nchi nzima kuongoza wazee wakienda kuposa au kupatanisha visasi vya damu. Jinsi kahawa inavyomiminwa, na yeye anachukua kikombe, haonji — anakiweka chini mbele ya mwenye nyumba. Baraza zima linanyamaza. "Kahawa yako hatuinywi mpaka utupe tulichokijia!" Na mwenye nyumba afanyeje? Mgeni aondoke kahawa yake imepoa mezani? Aibu hiyo inarithiwa na wajukuu. Basi anasema lile neno: kunywa kahawa yako, ulichokijia umekipata.

"Na mimi," akasema, kidole juu, "tangu nizaliwe, kahawa ya mgeni haijapoa nyumbani kwangu. Haijapoa!"

Naye Lubna anaitikia mashaallah, mashaallah. Mama alikuwa anamenya chungwa. Kamenya ganda lote bila kukatika, kaliweka kando ya sahani, kasema, "Kweli, shemeji. Heshima ni kitu kikubwa."

Nilitamani nimtupie hilo ganda. Ebo! Mtu anakunyima mwanao, wewe unamsifia heshima!

Alhamisi, 21 Machi

Siku ya Mama, kwetu huku ni leo. Haitham kamletea Mama mashine ya kusagia juisi, "ili utuburudishe kiangazi." Zawadi ya kumpa mtu kazi. Mimi nimemletea shuka. Si zawadi ya kujisifia, lakini angalau hiyo atailalia mwenyewe.

Tahani kapiga. Uso umemvimba, hatua mbili anahema. Yaman kaimba wimbo wa Siku ya Mama, kaukosea wote, Mama kapiga makofi. Simu ilipokatika alibaki kaishika vile vile mbele ya uso.

Jioni Rakan kaja na sinia la kunafa, ile ya jibini na shira, kutoka kwa mama yake. Nikamvuta barazani, nikamuuliza wazi: wewe, bado una kinyongo na Tahani?

"Kinyongo cha nini?"

Cha kukukataa, mwanaume!

Akakuna tumbo. Akafikiri kweli kweli, nilimwona anafikiri. "Aa, ile! Rudaina, mimi nina mke, nina watoto, nina kisukari. Mke mwenyewe namshukuru Mungu. Dada yako alikuwa mkali, tungeuana."

Nusura nizimie. Kumbe mwenye jeraha alishapona zamani, anakula kunafa! Anayeuguza ni babake peke yake. Nikamwambia basi twende ukamwambie hivyo hivyo. Akaruka kama kaguswa na moto. "Mimi? Nimwambie mzee? Mwambie wewe!" Na viatu kavaa akiwa ngazini.

Simba wa Jangwani.

Jumapili, 24 Machi

Tahani kajifungua alfajiri. Msichana. Wamempa jina Bahija.

Bahija ni jina la Mama.

Nilikuwa kazini, famasi imejaa wenye mafua. Nikasoma ujumbe, nikampa mzee mmoja dawa ya macho badala ya ya kikohozi, nikamkimbilia mpaka nje. Nikarudi nyumbani nikitegemea kilio. Wapi! Mama kavaa gauni lake la kijani, jiko limepigwa deki. Ule mfuko wa kisibiti kautoa nyuma ya sufuria, kauweka rafu ya mbele kabisa, kila anayeingia anauona.

Kisha kachukua simu, kampigia — nani? Ami! Nikakaza masikio.

"Shemeji, Ijumaa hii msije kwangu. Nitakuja mimi kwako. Siku nyingi sijanywa kahawa nyumbani kwako."

Nikasikia Ami anavyotanuka upande wa pili. Karibu, karibu sana, nyumba ni yako, tutapanga safari yetu ikamilike!

Hivyo tu! Mjukuu mwenye jina lake kalala Tafila, na yeye anajialika kahawa kwa yule aliyefunga njia! Nimechukia mpaka meno yananiuma. Nikamwambia, Mama, mtu akikutemea mate wewe unauliza kama ana kiu. Hakunijibu. Kaniambia nimtafutie viatu vyake vyeusi. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha Mama mimi nimekisikiliza miaka, hakina hata kwikwi.

Jumanne, 26 Machi

Mvua kubwa jana. Ami kafurahi kama mwenye harusi. Asubuhi katuma kundini video ya mafuriko, maji mekundu yanabeba magari: "MUJIB HII. Mlitaka kupita huku!!"

Nimeitazama vizuri. Migomba kila upande, na dereva kakaa kulia, wakati kwetu hukaa kushoto. Mujib ina migomba? Nikamuuliza hivyo mbele ya simba wote. Kajibu kwa sauti ndefu kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Vikohozi viwili.

Haitham kabonyeza gumba. Gumba la kukubali, kwa Ami. Moyo haupo.

Hema bado.

Ijumaa, 29 Machi

Naandika jikoni kwa Ami, nimekalia gunia la mchele, shajara juu ya goti. Nimejifanya nimefuata maji. Naandika haraka, herufi hizi nitazisoma mwenyewe kwa shida.

Tumekula mansafu, nyama ya kondoo na mtindi juu ya wali. Ya Umm Rakan, mke wa Ami, na siisemi vibaya, ilikuwa nzuri. Ikaja habari ya safari. Ami kapanga njia juu ya kitambaa cha meza: bakuli la mtindi ni Amman, kikopo cha chumvi ni Rum, na kidole chake kinakwenda kati yavyo moja kwa moja, jangwani. Tafila ilikuwa chini ya kiwiko chake. Haitham anaitikia kila kituo. Hapa tutajaza mafuta, sawa. Hapa tutaswali, sawa.

Rakan akaja na dele la kahawa. Kaanza na Mama, maana leo Mama ndiye mgeni. Mama kapokea kikombe kwa mkono wa kulia. Mimi nilikuwa hata simtazami, namtazama Ami na kidole chake. Nikasikia tu sauti ndogo ya kikombe kwenye meza.

Kakiweka chini. Kimejaa. Mbele ya Ami, pale pale ambapo Karak ingekaa.

Na mikono kaikunja mapajani.

Haitham, mjinga wa Mungu, akasema, "Mama, kahawa yako itapoa." Kisha nikaona maana inamwingia. Inaanzia masikioni, yakawa mekundu, ikashuka.

Ami akacheka. "Shemeji bwana! Unatania."

"Nina haja kwako, Abu Rakan."

"Haja gani tena! Si sisi nyumba moja? Kunywa kwanza, tutazungumza."

"Sinywi kwanza."

Sauti yake, wallahi, ile ile ya kuuliza nani kaongezwa wali. Ami akaacha kucheka. Akasema mambo haya yana wenyewe. Akasema haya ni ya wanaume, wanakuja na wazee wao, wanakaa, wanaheshimiana. Mwanamke kuweka kikombe, nani kaona wapi?

Mama akasema, "Ningeleta wanaume, shemeji. Nimetafuta nyumbani kwangu, nimetafuta na kwako. Nimekosa."

Rakan alikuwa amesimama na dele mkononi. Haitham alikuwa kakaa palepale, ubavuni mwa Mama. Miaka yote hii nimekuwa nikitafuta maneno ya kuwachoma hawa watu. Kumbe yalikuwa kwa Mama, ameyaweka tu, anasubiri mahali pa kuyatumia. Mimi na ulimi wangu wote! Nimeona aibu, nimeona raha, nikasimama nikakimbilia huku maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka Ami ayahesabu kuwa yake.

Naona kipande cha meza kupitia mlangoni. Kikombe kiko palepale. Mvuke ulikuwepo, sasa siuoni.

Ami kapaza sauti: leteni kahawa nyingine, ya moto, hii imwagwe! Umm Rakan, aliyesimama hapa jikoni na mimi, akajibu kwa sauti, "Imekwisha!"

Haijakwisha. Dele kubwa liko jikoni hapa, linachemka, nanusa hiliki. Kazima moto. Kaja kukaa kwenye gunia kando yangu, mwanamke ambaye tangu nimjue hajawahi kumpinga mumewe hata kwenye chumvi, kanishika mkono wa kushoto. Wa kulia kaniachia niandike.

Nasikia tasbihi tu ya Ami, punje kwa punje. Rakan kasema kitu. "Baba, mimi..." Kaishia hapo, lakini kasema, nimemsikia kwa masikio yangu. Tasbihi imesimama.

Ami anakohoa. Kikohozi kirefu. Sasa anamuuliza Haitham, polepole, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: hivi ile njia ya Tafila wameshaitengeneza, au bado ina mashimo?

Umm Rakan kanibana vidole mpaka vinauma. Haitham anasema, "Imetengenezwa, ami. Nzuri." Sauti imempasuka katikati, lakini kasema.

Ami kakisogeza kikombe kwa kidole, kidogo, upande wa Mama. Hajasema lile neno, kwamba ulichokijia umekipata.

Mama hajakigusa.